Mzee Viti Hakutaka Njia Katikati

Marehemu mjomba wetu, ambaye nusu ya mtaa walimwita Mzee Viti na nusu nyingine walidhani ndilo jina alilopewa na wazazi, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 katika chumba cha uani nyuma ya karakana ya reli. Baba yake alikuwa fundi bomba, mama yake mshona nguo.

Alisoma shule ya msingi ya jirani kuanzia mwaka 1959 hadi 1966. Mwalimu wake alimpa kazi ya kupanga madawati kabla ya mitihani, naye alipenda kusema hicho ndicho kilichokuwa chuo kikuu chake.

Baada ya kufanya kazi katika ghala la mbao, mwaka 1978 alianza kukodisha viti na maturubai. Vyama vingi vilipokuja, mtaa ukawa na pande mbili. Uani waliishi wastaafu wa reli na wachuuzi, waliokipigia kura chama tawala tangu walipopewa nyumba. Ghorofani walizidi kuhamia vijana wa maofisini, waliokuja na kura za upinzani. Aliwakodishia wote kwa mikutano yao ya kampeni, kwa bei ileile, viti vyeupe vitupu. Rangi za chama, aliwaambia, mtakuja nazo wenyewe. Wa uani walimtania kwamba amenunuliwa na ghorofa. Wa ghorofani walimwita kada mzee. Yeye alicheka tu, akasema aliowaona mstari wa mbele kwenye mkutano wa chama tawala Jumamosi ndio haohao wa mstari wa mbele kwa wapinzani Jumapili, na soda walikunywa kotekote.

Tarehe 12 Desemba 1981 alimwoa karani wa posta aliyeishi ghorofa ya pili. Vyama vilipokuja, ukweni walipiga kura kwingine, hivyo kila baada ya miaka mitano mlo wa pamoja wa Jumapili ulisimama kwa muda, kisha ukaendelea.

Baada ya uchaguzi uliopita, vijana wa pande hizo walipigana pale njiapanda na kibanda cha kinyozi kikachomwa. Tangu hapo wa uani walikaa kushoto na wa ghorofani kulia, hata harusini, hata msibani. Njia ya katikati, ile anayopita bibi harusi au linayopita jeneza, ikawa inapanuka. Marehemu aliligundua hilo kwa sababu ndiye aliyekusanya viti jioni, akakuta kila mara vimesogezwa mbali zaidi. Mpwa wake aliporudi kutoka safari za mbali, marehemu hakumuuliza habari za hali ya hewa wala zawadi. Alimuuliza, "Huko wanakaaje?"

Mwezi Februari 2023 aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Wa uani walikuja kumwona asubuhi, wa ghorofani jioni, na waliokutana ngazini walipishana bila salamu. Hilo lilimuuma kuliko sindano. Wiki yake ya mwisho alimwita binti yake.

"Siku yangu msiache njia. Panga viti ukuta kwa ukuta. Anayetaka kukaa amwambie mwenzake, naomba nipite."

"Na wewe, baba, utapitaje?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Hilo waachie wao."

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 9 Mei 2024. Ameacha mjane, binti, mwana, wajukuu wanne, dada yake mkubwa, wapwa, na viti mlivyokalia.

Leo tumevipanga alivyotaka. Tumewasikia mkiombana kupita, na wengine wenu hamkuwa mmeambizana neno tangu uchaguzi. Sasa jeneza liko mbele, na mlango wa turubai uko nyuma yenu. Tunawaomba mliokaa katikati, wa uani na wa ghorofani, msimame, mwinue viti kwa mikono yenu, mumpishe. Akishapita, virudisheni palepale, vikigusana.

Apumzike kwa amani, aliyewakalisha wengi.