Anwani Mpya, Adui Yuleyule

Haya ni kweli tupu. Chumvi niliiacha nyumbani. Mstaafu mmoja alijifanya kalala ndani ya basi, masikio wazi. Kwenye kiti cha mbele yake, mama anayepokea simu za wateja akiwa nyumbani alikuwa akimlilia abiria mwenzake, fundi wa mitandao.

"Kuna mtu anaimwagia intaneti yetu ya nyumbani maelfu ya maombi ya uongo ya kuunganishwa mpaka inazidiwa na kuzama. Simu za wateja zinakatika. Leo bosi kaniita ofisini, nadhani ni kunifukuza."

"Si mngeomba kampuni ya intaneti iwabadilishie anwani ya mtandao, dada? Asiyeijua hawezi kuishambulia."

"Wameshabadilisha, kaka, tena na tena. Ikibadilishwa tu, mume wangu anarudi kwenye mchezo wa drafti wa mtandaoni, anamtafuta yuleyule adui anayetushambulia tangu afungwe naye, anamwambia, 'Nimerudi, utanifanya nini?' Na mchezo wenyewe unaianika anwani yetu."

"Basi aache mchezo."

"Anasema akiacha atakuwa amekimbia. Mimi kazi inaniponyoka, yeye analinda heshima."

Fundi akakuna kichwa. "Mitambo ya kuzuia mashambulizi ipo, dada. Ya kumzuia mume sijaiona."

Mstaafu akapasuka kicheko. Mama akageuka, macho mekundu. "Kumbe hukulala, baba. Umefurahi?"

Mstaafu akatazama nje. Basi lilikuwa limefika kituo cha mwisho, naye kwa kusikiliza alikuwa amekipita chake zamani, na kondakta akanyoosha mkono. Mstaafu akalipa nauli ya ziada, akamlipia na yule mama, ambaye alishuka bila kugeuka, akaelekea ofisini polepole.