Doti za Mama Zisizokatwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Sitawadanganya, nimesimama hapa na hasira. Bwana ameniokoa na sanduku, na hasira hii ndiyo aliyoitumia.

Mama alipofariki kule mlimani, baba alikuwa ametangulia. Nilikuwa darasa la tano, na wadogo zangu nyuma yangu. Siku ya kuanua matanga, mama mkubwa, dada yake mama, alifungua sanduku la marehemu. Doti za khanga, mpya, hata hazijakatwa! Mama alikuwa akizitunzia sikukuu. Mama mkubwa akasema, "Vitu hivi ni vya ukoo," akazibeba zote. Usiku ule wadogo zangu walijifunika gunia la karoti. Shule ikaishia hapo, nikashika jembe.

Nikaapa nitakuwa na sanduku langu. Nilishuka na mboga mjini, nikanunua khanga, nikazifungia. Nimezeeka sijavaa hata moja.

Juzi mama mkubwa akaniita kwake Bigwa. Hanyanyuki tena kitandani.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Vuta hilo sanduku uvunguni. Chukua vya mama yako, mimi naondoka."

Nikafungua. Ndugu zangu! Doti zilezile, bado hazijakatwa, panya wamezitoboa!

"Hukuvaa hata moja?"

"Nilikuwa nazitunza."

"Ulimtunzia nani? Wadogo zangu walijifunika gunia!"

"Usinifokee. Na wewe mvi zimekujaa. Sanduku lako umemfungulia nani?"

Hasira ilinipanda. Mama amekufa hajazivaa, huyu anakufa hajazivaa, na mimi nimepanga foleni nyuma yao! Nikapiga kelele palepale: Bwana, nitoe humu!

Akanitoa! Nilichana doti moja kwa meno. Kipande kimoja nikamfunika mama mkubwa, bado nimemkasirikia. Kingine nikajifunga. Nikaenda nyumbani, nikafungua sanduku langu, nikawaita wadogo zangu, wazee sasa kama mimi. Nikawaambia vaeni leo, msingoje sikukuu.

Haya matundu mnayoyaona kwenye khanga yangu msinicheke. Ni ya mama! Asante, Yesu!

Na wewe uliyeficha kitu uvunguni, mtegemee Bwana, ukakikate leo. Panya hawangoji matanga yako.