Vinyuzi vya Ausi Pasi

Kijiwe chetu kiko nyuma ya soko, Bagamoyo mjini, ubavuni mwa mfereji wa maji machafu, na asiyependa harufu njia ipo wazi. Jana mwenye baraza alikuwa Ausi, dobi wetu, tunayemwita Pasi. Binti yake Hajra anasoma chuo Dar. Alichota maji ya mfereji ule, akayaweka kwenye hadubini, akamtumia baba yake picha kwenye simu: vinyuzi vya plastiki, vyembamba kuliko unywele, vilivyotoka kwenye nguo anazofua Ausi. Basi Ausi akatununulia kahawa sote: mimi, Redio anayetangaza kila habari, na Mtaalamu mwenye jibu la kila kitu.

PASI: Tazameni! Maji yangu hayo. Chuoni wameyatazama wote!

REDIO: Hongera. Mtoto wa nyoka ni nyoka!

PASI: Ahsante. Madera haya, mablanketi, majezi, yote plastiki. Ukifua yanapukutika. Mimi na wewe hatuoni, mwanangu kaona.

MTAALAMU: Vinaishia wapi?

PASI: Mferejini, mikokoni, baharini. Chaza anameza, kamba anameza. Hajra kasema.

REDIO: Basi tumeula! Kamba wana uzi tumboni, mshipi wa nini tena? Unavuta tu!

MTAALAMU: Hiyo ndogo. Subiri miaka mitano, samaki watavaa jezi. Simba huku, Yanga kule.

REDIO: Wateja wa bara, wa Chalinze, watauziwa samaki aliyepigwa pasi kabisa!

PASI: Haba na haba hujaza kibaba. Madobi tuko wangapi pwani hii? Aliyepigwa picha maji yake ni mimi! Kila shati nililosugua kwa mikono hii limemsomesha yule. Mie darasa la nne sikulimaliza, leo mwanangu ananifundisha maji yangu mwenyewe. Nina raha, jamani.

Machozi yalimlenga. Hakuna aliyemcheka, hata Redio.

Ndipo akapita Mwanvita, ndoo kichwani. Yeye huokota chaza mikokoni, akawauza sokoni.

MWANVITA: Shikamoo, Baba Hajra.

PASI: Marahaba, mwanangu. Njoo uone kazi ya mdogo wako!

Mwanvita akatua ndoo, akaishika simu kwa mikono miwili. Akaelezwa yote, mpaka ya samaki wenye jezi.

MWANVITA: Yanashukia kule ninakookota?

PASI: Kulekule!

MWANVITA: Hongera, baba. Umelea mtoto. Sasa kesho utayamwaga wapi?

Redio akamtazama Mtaalamu. Mtaalamu akaomba aongezewe kahawa. Ausi alikuwa bado anatabasamu. Akaichungulia ndoo ya chaza, kisha akautazama mfereji.