Mzee Nukta, Aliyeona kwa Namba

Ndugu, jamaa na majirani, kaka ameniachia mimi nisome kwa niaba ya familia, na mkiniona nakimbiza maneno mnivumilie, maana nikisimama kidogo tu sauti itanikatika.

Baba yetu, ambaye wengi hapa mlimwita Mzee Nukta, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa kitinda mimba. Alianza shule ya msingi iliyo ng'ambo ya reli mwaka 1966, akamaliza sekondari 1977, akajifunza ufundi wa redio na televisheni kwa mjomba wake, na mwaka 1984 akafungua karakana yake, ile yenye mlango wa kijani kando ya kinyozi.

Tarehe 6 Julai 1985 alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji wa mashati ya shule, wakajaliwa watoto wawili, kaka, na mimi niliyechelewa hadi 2001, majirani wakidhani Mama amenenepa tu.

Watu walimletea mashine za zamani za gemu na kaseti zake zilizokufa, kinyozi akimtania kwamba mzee mzima anacheza na vikaragosi, naye akimjibu, afadhali mimi, wewe unakata kinachoota tena. Alikuwa akinakili yaliyomo kabla hayajafutika, maana ndani ya kaseti picha haikai kama picha, inakaa kama namba, imekatwa vigae vidogo vya nukta nane kwa nane, kila mstari wa kigae ukiwa namba moja, na kila kigae kina matabaka mawili, kwanza mistari yote minane ya tabaka la chini, ndipo minane ya tabaka la juu, ukiyalaza pamoja kama karatasi mbili zinazopitisha mwanga, kila nukta inapata rangi yake.

Mwaka 2019 sukari ilimfunga macho yote mawili, tukasema kazi imekwisha, kumbe akaniketisha mbele ya kompyuta nimsomee namba, nikisema sitini anasema hizo ni nukta nne za katikati, nikiendelea anatabasamu, anasema huyu ni paka, amekunja mkia, nafungua kwenye kioo, kweli paka, na mkia ameukunja.

Tarehe 2 Mei mwaka huu figo zilimshinda akalazwa, na tarehe 11 nikajifungua kwa upasuaji hospitali hiyohiyo, mtoto hajatimiza miezi, akawekwa chumba cha joto asitoke, na Baba ghorofa ya juu hawezi kushuka, mimi niko kwenye ngazi nimeshika mshono, namwomba Mungu asinichukulie wote wawili, na Baba hana ombi lingine ila amwone mjukuu wake.

Nikachora sura ya mwanangu kwenye karatasi ya miraba, vigae vinne, nikageuza kila mstari kuwa namba, nikapanda kumsomea, lakini kwa woga nikasoma mstari mmoja wa tabaka la chini, mmoja wa tabaka la juu, kwa zamu, kama namba zinavyopangwa kwenye mashine nyingine, Baba akakunja uso akaniuliza, mwanangu, umejifungua mtoto au mkeka, wodi nzima ikacheka, hata muuguzi akashika mlango. Nikaanza upya, tabaka la chini lote, kisha la juu, na nilipomaliza machozi yalimtoka, akasema, ana paji la mama yako, na huo mdomo wa kununa ni wako kabisa, ila sikio la kushoto umelisahau, nikamwambia amelilalia, Baba, akasema, basi msimwamshe.

Alifariki tarehe 19 Mei, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama.

Tunawashukuru madaktari wa figo, wauguzi wa chumba cha joto, mafundi wenzake waliobeba jeneza, majirani mliopika na kulala nasi, na kinyozi, ambaye leo hajafungua.

Mtoto aliruhusiwa jana, yuko hapo mbele mapajani mwa bibi yake, mzima.

Baba, mjukuu tumemleta. Pumzika kwa amani.