Ufa Uliofutwa

Mbele yangu basini, wapigapicha wawili wa viwandani walibishana kwa kunong'ona. "Dada, mstari ule kwenye boila umeupeleka wapi?"

"Nimeufuta. Si ulisema nisafishe picha? Nilidhani ni unywele kwenye lenzi."

"Unywele! Ule ni ufa! Mkaguzi kaiamini picha yako, kaamuru boila la mvuke liwashwe leo."

Wahenga walituasa tuzibe ufa, kuufuta hawakukuwaza.

"Basi tumwonyeshe picha ya kwanza."

"Tuonekane matapeli? Nani atatuita tena kazini?"

"Kaka, anayeliwasha ni shemeji yangu!"

Basi likasimama langoni mwa kiwanda. Dada akashuka mbio, moyo wangu ukamfuata. Kaka alibaki kitini, akilitazama bomba la kiwanda likianza kufuka moshi.