Mzee Twaha na Pikipiki Iliyogoma Kuinuka

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufungua na kufunga pikipiki za watu, Mzee Twaha anaweka spana chini na kurudi kwao Muyinga. Karakana yetu ya Yoba, hapa Gitega, itabaki na mafundi, lakini fundi mkuu ndiye anayeondoka.

Alianza kwa kuziba pancha za baiskeli, injini akajifunza kwa kutazama. Ni mcheshi na mkali. Chai yake ina sukari mpaka nyuki wanamfuata, na ukisahau kukaza boliti anakufukuza mpaka barabarani.

Ana desturi yake. Akishafunga shokapu mpya, hamkabidhi mtu pikipiki mpaka mmoja wetu apande kiti cha nyuma, ikae chini, kisha ashuke, naye aone inavyoinuka. Kwa uzito wangu, kazi hiyo ni yangu.

Mwaka jana Dorotea, mkunga wa Buhinyuza, alileta pikipiki yake kuukuu. Shokapu ya nyuma ilikuwa imevuja mafuta yote na springi imechoka. Mumewe Anatoli, aliyekuwa akipanda nyuma yake kila safari, alikuwa amezikwa miezi michache kabla. Dorotea alikuwa na haraka: kwao kulikuwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa. Miteremko ile naijua, ni kwetu. Shokapu mbovu inakutupa korongoni.

Mzee akafunga shokapu mpya. Nikapanda, ikakaa chini. Nikashuka. Haikuinuka.

"We Mtanzania, shuka!" akasema bila kugeuka, kwa jina alilonibandika kwa sababu ya Kiswahili changu.

"Nimeshashuka, mzee."

Akageuka. Kiti kilikuwa kitupu, na ngozi yake imebonyea. Hatukucheka.

"Muache tu, mzee," Dorotea akasema kwa sauti ndogo. "Nitaenda naye hivi hivi."

"Hapana, mama. Kwenye kona atakuangusha. Na yule anayekungoja, nani atamzalisha?"

Labda boliti ilikazwa mno, sijui. Lakini Mzee hakugusa spana. Alivua kofia, akasimama kando ya kiti.

"Anatoli, umefika. Hapa iko kwetu, shukia hapa. Muache mama aende kazini."

Tukangoja. Springi ikalia kidogo, kiti kikapanda polepole. Dorotea akaondoka akilia. Mtoto alizaliwa salama jioni ile.

Tangu hapo, kila asubuhi Mzee akishatuamkia sisi, huamkia na benchi la ukutani, ambalo hakuna anayelikalia.

Mzee Twaha, asante kwa ufundi, chai na makaripio. Ukale na kulala kwa raha Muyinga, na miguu ikupe nguvu ya kutembelea wajukuu. Ombi letu ni moja: siku ya kuondoka, umuage na yule uliyemshusha hapa. Sisi hatujui tumwambie nini.