Mpaka Aseme Achia

Huyu tunayemsindikiza leo wengi mlimjua kwa jina la Mama Spana. Alizaliwa tarehe 3 Mei 1957, mtoto wa nne wa seremala na mkewe. Wazazi walisema alitambaa kwenda kwenye sanduku la vifaa kabla hajatambaa kwenda kwa mama yake.

Alisoma hadi darasa la saba. Alipenda hesabu. Baba yake alipougua alitoka shule akaenda kujifunza kushona. Hakushona nguo. Alishona viti vya magari, kwenye gereji iliyo nyuma ya kituo cha mafuta, mpaka alipostaafu. Mafundi wa injini walikuwa upande wa pili wa turubai. Mikono yake ilishona, masikio yalikuwa kwao.

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979 na mwashi aliyekuja gereji kujenga ukuta. Ukuta ule ulichelewa kwisha. Mwenye gereji akauliza kulikoni, mwashi akasema saruji mbaya. Walijaliwa binti na mtoto wa kiume.

Watoto walipoanza maisha yao, marehemu alileta uani kigari kidogo chekundu, kifupi nyuma kama kimekatwa, kilichogongwa, mwenye nacho akakichoka. Alikiita Kisoda. Mumewe alidhani kitawapeleka sokoni. Akaona kiti cha nyuma kinatolewa, kisha redio, kisha mazulia.

"Mama, sasa wageni watakaa wapi?"

"Wageni wazito, baba. Watapanda basi."

Alifunga springi fupi ngumu, matairi mapana, na kiti cha dereva alichokishona mwenyewe, cha kubana mbavu. Uwanja wa mbio za magari ulikuwa ukifunguliwa kwa kila mtu mwisho wa mwezi, naye alikwenda kuzunguka. Mara ya kwanza kijana mmoja alimwambia, "Bibi, sokoni ni upande ule." Akajibu, "Nitapitia nikimaliza kuzunguka." Hakuwa wa kwanza siku ile wala siku nyingine. Alirudi akicheka peke yake, nguo zinanuka petroli.

Kazi zote alizifanya mwenyewe, isipokuwa moja. Kutoa upepo kwenye breki kunataka watu wawili. Yeye alilala chini, karibu na gurudumu. Mumewe alikaa ndani, mguu kwenye pedeli. "Kanyaga." Anakanyaga. "Shikilia." Anashikilia, yeye analegeza nati, upepo unatoka pamoja na mafuta, anakaza. "Achia." Ukiachia kabla hajasema, upepo unarudi ndani, mnaanza upya. Siku moja mumewe alipitiwa na usingizi, mguu ukateleza. Kisha sauti kutoka chini ya gari: "Baba, nani kasema achia?" Hilo lilisimuliwa mezani miaka yote, na kila mwaka usingizi uliongezewa mkoromo.

Januari mwaka huu alibadilisha mipira ya breki. Walitoa upepo magurudumu matatu. Kwenye la nne akasema amechoka, watamalizia kesho. Kesho yake hakuamka vizuri. Figo zilikuwa zimeshindwa kazi. Akiwa hospitali alimwambia binti yake, "Gurudumu moja bado. Limalizie na baba yako. Umwangalie asisinzie." Alifariki Alhamisi asubuhi, tarehe 14 Machi 2024. Mumewe alikuwa amemshika mkono.

Jana binti alilala chini ya Kisoda, baba yake akakaa kwenye kile kiti. Binti ana sauti ya mama yake. Hilo baba hakuwa amelifikiria. Kanyaga, akakanyaga. Shikilia, akashikilia. Upepo ukatoka, nati ikakazwa.

"Achia."

Mguu haukutoka.

"Baba, achia. Imekwisha."

Alikaa vilevile. Binti akatoka chini, akaja akasimama mlangoni na mikono yake ya mafuta.

Marehemu ameacha mume, binti, mtoto wa kiume, wajukuu watano na dada mmoja. Kisoda kiko tayari. Mwisho wa mwezi binti atakwenda kukizungusha uwanjani.

Pumzika, mama. Mguu wangu haujatoka. Mimi nimeshikilia.